Ombi la Pipa

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyelitumia kufungia jibini kabla hajalisoma, nitamkumbusha kwa ufupi, maana hata mimi nimechoka kuyarudia.

Jina langu Leocadie. Nina shamba la mizabibu ambalo ni dogo kuliko yote katika mteremko wetu, matuta machache tu yaliyoshikiliwa na kuta za mawe. Nalima kilimo hai. Sipulizii sumu, na mdudu asiyenikosea simgusi. Shemeji yangu Gratien, kaka yake mume wangu, shamba lake limelizunguka langu juu, chini, kushoto na kulia. Hata nikitaka kupiga chafya lazima nimwangalie yeye kwanza.

Gratien ndiye anayeleta helikopta ya dawa. Huku kwetu mteremko ni mkali, trekta haipandi, kwa hiyo dawa ya ukungu inamwagwa kutoka juu. Mtu mmoja husimama ukutani na bendera nyekundu kumwonesha rubani mpaka wangu. Mwaka jana aliyeshika bendera alikuwa mpwa wa Gratien, naye alikuwa anaongea na simu. Bendera ikainuliwa wakati dawa imeshaanguka kwenye majani yangu.

Mkaguzi wa kilimo hai akaja, akapima majani, akatikisa kichwa. Akaniambia kwamba ikitokea tena, nisahau kuitwa mkulima wa kilimo hai. Nilimwuliza kosa langu mimi ni lipi. Akasema kosa si langu ila majani ni yangu. Na helikopta inarudi Alhamisi hii.

Nilibakiwa na mlango mmoja tu, nao ni ombi la pipa.

Pipa la kijiji chetu halijawahi kukauka tangu enzi za mababu wa mababu. Haliuzwi, halihamishwi, na mvinyo wake mweupe hunywewa palepale mbele yake, watu wamesimama. Kila theluji ikiyeyuka nyumba moja huleta mvinyo wake wa kulijazia. Watu wa pipa, yaani wenye nyumba wa kijiji, wakiuonja na kuukubali, nyumba hiyo huomba jambo moja, nao huinua mikono kulipokea, maana ombi la pipa halikataliwi. Kuna aliyeomba njia ya ng'ombe akapewa. Kuna aliyeomba mke, naye akapewa, ingawa mke mwenyewe hakuulizwa na mpaka leo hajatusamehe.

Sharti ni moja. Mvinyo uwe umelala. Mvinyo ambao chachu yake bado iko hai ukiingia kwenye pipa utaamsha wote, utachemka, utachacha, na miaka yote iliyomo humo itakuwa siki ya kuoshea madirisha. Ndiyo maana Mzee Placide, mwenye ufunguo wa pipa, huagiza chupa moja ikae nyuma ya jiko la mawe, kwenye joto, tangu Jumatano ya Majivu. Kizibo kikitulia, mvinyo umelala. Kikisogea, rudi nyumbani kwako ukanywe na kuku wako.

Tuliishia pale Mzee Placide alipokuja Ijumaa, akaitoa chupa yangu nyuma ya jiko, akaiweka sikioni, akasema, "Umelala, binti yangu. Jumapili utalijaza pipa." Nami nikalia mbele yake bila haya.

Sasa sikilizeni Jumapili yenyewe.

Asubuhi nilienda kulisha kuku. Niliporudi nikamkuta mume wangu Evariste amepiga magoti nyuma ya jiko, anapangusa ukuta kwa shati lake la kanisani.

"Unafanya nini hapo, baba Clotilde?"

"Usafi."

"Leo?"

"Leo ni siku yako. Nyumba ing'are."

"Chupa iko wapi?"

"Nimeshaifunga na vitu vingine. Na jagi nimeshalijaza, na kipipa nimekipakia. Wewe nenda kavae, mama Clotilde. Leo nabeba mimi."

Msomaji, huyu mwanamume hajawahi kujitolea kubeba kitu tangu tufunge ndoa. Siku ya harusi yenyewe sanduku langu nililibeba mimi. Ningekuwa na akili ningeshtuka papo hapo. Badala yake nikajiambia, basi, mwisho wa yote ananipenda. Nikaenda kuvaa, nikiimba.

Baada ya misa tukashuka kwenye ghala la pipa. Watu wa pipa wote walikuwepo, wamejipanga ukutani na makoti yao meusi, mkate mweusi na nyama kavu vimekatwa mezani na hakuna aliyegusa. Gratien alikuwa karibu na mlango. Aliniamkia kwa kunyanyua kidevu.

"Shemeji, nasikia mwaka huu unataka kutunywesha."

"Nataka, shemeji. Meza mate uoshe ulimi."

"Mwaka mmoja uliwahi kutuletea maji ya mawingu. Nilidhani umekamua blanketi."

Watu wakacheka. Na kweli mvinyo wangu una ukungu kidogo, sikatai. Siuchuji wala siutii kiberiti, ule unga wa salfa, kama wafanyavyo wenzangu ili ukae safi. Nawaambia kila mwaka kwamba ukungu si uchafu, na kila mwaka wanacheka.

Mzee Placide alichukua jagi la bati mikononi mwa Evariste, akamimina kwenye bilauri. Bilauri ni moja tu, inazunguka kwa umri, na mwenye ombi hunywa mwisho kabisa, mikono ikishainuka. Nilikuwa nimesimama mbali, taa ni hafifu, lakini niliona mvinyo unang'aa. Nikashangaa. Nikajipa jibu kwamba baridi ya stoo imeutuliza.

Mzee Placide akaonja. Akafumba macho.

"Mzuri," akasema.

Bilauri ikapita. Mmoja akasema mzuri, wa pili akasema mzuri sana, wa tatu akaomba tena akakatazwa. Ikamfikia Gratien.

Gratien akanywa. Akauzungusha mdomoni muda mrefu, akatazama dari, akanitazama mimi, akamtazama mdogo wake, halafu akatazama tena dari. Nikasema moyoni, huyu sasa anatafuta tusi.

"Shemeji," akasema, "leo nakuvulia kofia. Mvinyo huu una adabu. Mtu akiuonja anajua kabisa kwamba aliyeutengeneza anaijua kazi yake."

Gratien kunisifu? Evariste akaanza kukohoa. Nikampigapiga mgongo, maskini, nikidhani ni furaha.

"Mvinyo umekubaliwa," Mzee Placide akasema. "Leocadie, omba."

Maneno hayo nilikuwa nimelala nayo msimu mzima wa baridi.

"Naomba helikopta isiruke juu ya matuta yangu, wala juu ya matuta yanayopakana nayo. Yanayopakana yapuliziwe na mtu kwa miguu, bomba mgongoni. Mwaka huu na miaka yote."

"Kwa miguu?" Gratien akasema. "Goti langu hili?"

"Una wapwa, shemeji. Yule wa simu ana mikono miwili."

Wakacheka tena, safari hii upande wangu. Mikono ikaanza kuinuka, mmoja baada ya mwingine. Ule wa Gratien uliinuka mwisho, polepole, lakini uliinuka. Nilimwona kwa macho yangu. Nikahisi uzito wa mwaka mzima unanishuka mabegani.

"Imekwisha," Mzee Placide akasema. "Kunywa, binti yangu. Mimi naleta ngazi na faneli, kisha ujaze."

Akanipa bilauri, akaenda kuvileta.

Nikanywa.

Jamani. Mtu hukosea jina la mtoto wake akiwa na hasira, lakini mvinyo wake hakosei. Ule haukuwa wangu. Uliniwasha puani, harufu ya kiberiti tupu. Na mvinyo wenye harufu ile naujua, nimenyweshwa kila Krismasi kwenye meza ya shemeji tangu niolewe, na kila Krismasi kichwa kimeniuma.

Nilimshika mume wangu mkono wa koti nikamvutia nyuma ya pipa.

"Evariste." Nikimwita kwa jina lake anajua mambo yameharibika.

"Sema polepole."

"Huu mvinyo wa nani?"

"Wako."

"Evariste."

"Wa kaka."

Nilitaka kumpiga kibao. Sikumpiga kwa sababu bilauri ya pipa ilikuwa mkononi na bilauri hiyo ina umri mkubwa kuliko sisi wote.

"Yaani mpaka wewe? Mpaka wewe unauonea haya mvinyo wangu?"

"Siuonei haya. Sikiliza. Ulipokwenda kwa kuku, ile chupa ya nyuma ya jiko ilirusha kizibo. Ilipiga kama bunduki. Mvinyo ulifika mpaka kwenye picha ya mama."

Ule ukuta. Lile shati la kanisani.

"Mzee Placide aliusikiliza Ijumaa."

"Ijumaa ulikuwa umelala. Leo umeamka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungelia."

"Na sasa?"

"Sasa utalia kimya kimya. Ni nafuu kidogo."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na wangu nimemfulia nguo hizo mwenyewe.

"Kipipa hiki kina nini?" nikamwuliza, nikionesha kile tulichokuja nacho cha kujazia.

Akatazama viatu.

"Huo ni wako."

"Wangu ulioamka?"

"Kaka alinipa chupa tatu tu. Nilimwambia tuna wageni. Nikazimimina kwenye jagi. Kipipa sikuwa na cha kukijaza."

"Kwa hiyo wameonja wa kaka yako, nami nipande ngazi nikamwage wangu."

"Pipa ni kubwa, mama Clotilde. Nilifikiri litaumeza. Maziwa kikombe kimoja kwenye mto, nani atayaona?"

"Maziwa yakiingia mtoni hayauamshi mto, bwana wewe. Huu utaamsha kila kitu kilichomo."

"Labda hautaamsha."

"Labda."

"Na helikopta haitapita," akasema. "Mikono imeshainuka. Funga mdomo tu."

Hapo ndipo nilipomchukia, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Pipa likianza kuchemka itakuwa mwezi wa sita, joto likipanda. Nani angejua limeamshwa na nini? Watasema ni hali ya hewa. Watasema mbao zimezeeka. Na mizabibu yangu ingekuwa salama mwaka huu na miaka yote, kwa neno la watu wa pipa.

"Leocadie," Mzee Placide akaita. "Ngazi iko tayari."

Nikapanda. Evariste akaninyooshea kipipa kutoka chini. Mzee Placide akanipa faneli, nikachomoa kizibo kikubwa cha juu ya pipa.

Ile harufu ikanipanda usoni. Sijui niieleze vipi kwa mtu asiyewahi kuisikia. Inafanana na njugu zilizokaangwa, na nta, na kanisa lililofungwa siku nyingi. Baba yangu alilijazia pipa hili mwaka niliozaliwa mimi. Aliomba nini? Aliomba mtoto wake apewe matuta yale yale ambayo leo nayapigania. Mvinyo wake umo humo ndani na haujawahi kutoka wote.

Nilishika kipipa mdomoni mwa faneli. Wote chini wamenyanyua shingo. Nikaona pembeni ya jicho Gratien amekunja mikono, ametulia tuli, anatazama mkono wangu wala si uso wangu.

Mwaga, nikajiambia. Mwaga, Leocadie, wewe mbona unajifanya mtakatifu? Wao walipokumwagia sumu yao walikuuliza? Nani alikuja kukupa pole? Mwaga.

Mkono haukukubali. Nimeusukuma, haukukubali. Nilikuwa na hasira na mkono wangu mwenyewe.

"Mzee," nikasema, "mvinyo huu haujalala."

"Nini?"

"Chupa imerusha kizibo asubuhi. Nimejua sasa hivi. Nikiumwaga humu pipa litaharibika."

Mzee Placide akanyanyua mkono wake uliokunjamana akashika mguu wa ngazi.

"Mbona tulioonja ulikuwa umelala fofofo?"

Sikumtaja mume wangu. Sijui kwa nini, msomaji, usiniulize. Nilisema tu, "Mlioonja si wangu."

Wengine wakaguna, mmoja akasema aibu, mwingine akasema afadhali amesema. Nikashuka na kipipa changu kifuani, machozi yananitiririka. Watu watasema nililia kwa majuto. Nililia kwa hasira tupu. Mwaka mzima nimepigania mlango mmoja, nimeufungua, kisha nikaurudisha kwa mkono wangu mwenyewe.

"Leocadie," Mzee Placide akasema, bila ukali, "umeliokoa pipa na Mungu akubariki. Lakini mvinyo wako haukuonjwa. Ombi lako halipo."

"Najua, mzee."

"Ila mvinyo fulani umeonjwa, mzee," Gratien akasema kutoka mlangoni. "Umeonjwa na umekubaliwa. Mila inasemaje?"

Mzee Placide akaachia ngazi, akamgeukia.

"Mila inasema mvinyo uliokubaliwa ndio wenye ombi."

"Basi ombi ni langu. Huo ni mvinyo wangu. Niliujua alipoushusha Mzee kinywani, kabla haujanifikia mimi, kwa jinsi alivyofumba macho." Akamgeukia mdogo wake. "Wageni wako hawa, Evariste? Ungeniambia ni wengi ningekupa chupa nne."

Nikamwuliza, "Kumbe ulijua. Na mkono ukainua."

"Nilitaka kuona utafika wapi, shemeji."

"Na ningemwaga?"

"Ningekushika mguu."

Mpaka leo sijui kama alisema kweli. Alikuja katikati ya ghala akichechemea na goti lake, akakata kipande cha mkate, akakila chote, sisi tunamsubiri. Huyo ndiye Gratien. Akipata nafasi ya kuchelewesha, hachelewi kuitumia.

"Sitaki njia ya ng'ombe," akasema mwishowe. "Mke ninaye. Naomba jambo dogo tu, na linamhusu Leocadie."

"Niondoe kwenye ombi lako, shemeji. Nimechoka."

"Alhamisi helikopta itaruka. Kila mwaka mnasema bendera ilichelewa, bendera haikuonekana, aliyeshika bendera alikuwa na simu. Mwaka jana nimetukanwa mpaka kanisani. Haya. Naomba mwaka huu bendera ashike Leocadie mwenyewe. Asimame ukutani, amwoneshe rubani wapi amwage dawa na wapi asimwage, matuta yangu yote, mwanzo mpaka mwisho. Tone likianguka kwake, tutajua nani alilielekeza."

Mimi, kilimo hai, nisimame juu ya ukuta wangu nikiipungia helikopta ya sumu, bonde zima linanitazama. Na mkaguzi akipita je? Na upepo ukigeuka je? Nikikubali, nimeharibikiwa. Nikikataa, hakuna aliyewahi kulikataa ombi la pipa, na nyumba itakayolikataa haitaingia tena ghalani humo, wala watoto wake, wala wajukuu wake.

"Au unaogopa," Gratien akasema kwa sauti ya chini, "kwamba ukiishika wewe hutakuwa tena na wa kumlaumu?"

Mzee Placide akafuta bilauri kwa kitambaa, akairudisha rafuni, akatugeukia sote.

"Anayelikubali ombi la Gratien anyanyue mkono."

Nilitazama ukutani, nikitafuta mtu mmoja tu ambaye mkono wake ungebaki mfukoni.

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa mume wangu.